Jina Lilikuwa Sahihi

Wapendwa akina mama,

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulifanya bila kufikiri: kujaza majina katika barua iliyokwisha kuandikwa.

Miaka michache iliyopita umoja wa wanawake wa usharika wetu ulitayarisha Siku ya Familia. Mimi nilipewa kazi ya barua za mwaliko. Nilitunga barua moja, nikaacha nafasi wazi ya jina, na katibu wetu akaichapa kwenye kompyuta. Kompyuta ikachukua majina katika orodha na kuyaweka penye nafasi ile, moja baada ya jingine. Barua sitini zikawa tayari kabla chai haijapoa.

Jumapili iliyofuata mama mmoja alinisubiri nje ya kanisa. Akatoa barua mkobani, akaniwekea kidole kwenye mstari mmoja bila kusema neno. Uliandikwa: “Wewe na mume wako mnakaribishwa kwa furaha.” Mumewe tulikuwa tumemzika miezi minne tu kabla ya siku ile. Mimi mwenyewe nilipika kwenye msiba ule.

Jina lake lilikuwa sahihi, hata herufi moja haikukosewa. Kilichokosewa ni maneno yaliyolizunguka. Nilimwomba radhi, naye akanisamehe, lakini usiku ule sikulala vizuri.

Dada yangu, nafasi wazi haijazwi kwa jina peke yake. Kiswahili chetu chenyewe kinatufundisha hivyo. Ukiandika, “Mtoto wako aje na kikombe chake,” kisha ukakuta mama ana watoto watatu, huwezi kubadilisha neno moja tu ukaishia hapo. Itakubidi uandike, “Watoto wako waje na vikombe vyao.” Neno moja likiguswa, sentensi nzima inasogea. Je, na yule ambaye Mungu hajamjalia mtoto? Kwake sentensi hiyo yote iondoke.

Sasa tunafanya hivi. Kwanza tunaisoma orodha pamoja, tukimkumbuka kila mmoja na hali yake. Pili, penye nafasi ile tunatayarisha maneno ya namna tatu: “Wewe na mume wako mnakaribishwa”, “Wewe na watoto wako mnakaribishwa”, na “Wewe na wote wa nyumbani kwako mnakaribishwa.” Tukiwa na shaka, tunatumia hayo ya mwisho, kwa maana hayamchomi mtu. Tatu, kila barua inasomwa kwa sauti kabla ya kutiwa katika bahasha.

Kompyuta inaweza kuchagua maneno yanayofaa, ukiweka alama mbele ya kila jina. Lakini alama hiyo huwekwa na mtu anayejua nani amefiwa na nani ameachwa.

Hata wodini nimejifunza somo hili. Kwenye bahasha ya dawa tumezoea kuandika “1 x 3”. Mama mmoja alinirudia akiuliza kama ni vidonge vitatu kwa mara moja. Namshukuru Mungu kwamba aliuliza kabla ya kumpa mtoto! Mimi nilijaza nafasi kama nilivyofundishwa, lakini sikusema naye. Tangu siku ile naandika: “Kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja usiku.” Dawa ni ile ile, maneno tu yamebadilika.

Nanyi nyumbani mnazo kadi za michango ya harusi zenye “Bw. na Bi.” na nukta mbele yake. Siku hizi zipo pia salamu za simu ambazo mtu hubadilisha jina tu na kuzipeleka kwa watu hamsini. Kabla hujapeleka, kaa kidogo katika kiti cha yule atakayeisoma. Je, yupo Bwana katika nyumba hiyo?

Mama yule nilimwandikia barua nyingine kwa mkono. Siku ya Familia alikuja na wanawe wawili na mama mkwe wake, wakakaa safu ya mbele.

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.