Tusifute dakika

Mwenzangu mmoja wa mwaka wa mwisho alirekodi video ya dakika 40 sokoni, hapa Lubumbashi. Wanaozungumza ni mama mmoja wa biashara na binti yake. Usiku baada ya usiku mwenzangu aliandika maneno yao chini ya picha, kipande kwa kipande, mpaka akamaliza. Kisha akahitaji maandishi ya kunukuu katika kazi yake ya kumaliza masomo. Mimi ndiye niliyemwonyesha programu ya bure inayogeuza faili kama hilo kuwa hati ya kawaida. Kwa sekunde chache namba zikatoka, saa zikatoka, mistari ikaungana. Tulipata kurasa safi kabisa, tukafurahi.

Furaha iliisha siku mwalimu aliposoma mfano mmoja: “Ile mwaka aliuza mahindi mingi.” Akauliza: aliuza au alinunua? Tunaoishi hapa tunajua kwa nini aliuliza. Kwa wengi wetu mjini, kuuza ni kutoa pesa na kuchukua kitu. Anayetoa kitu apate pesa, huyo anauzisha. Lakini aliyesoma Kiswahili sanifu shuleni husema kuuza kwa maana ya vitabuni. Kwa hiyo jibu lilitegemea msemaji: ni mama, au ni binti? Katika faili la kwanza kila zamu ya kusema ilianza na kistari. Programu ilikuwa imefuta vistari pia. Watu wawili walikuwa wamepewa kinywa kimoja.

Ilitubidi kurudia video yote, mfano kwa mfano, jioni kadhaa, umeme ukija na kukatika. Tukakuta kwamba aliyesema ni mama, na mahindi yalinunuliwa. Aya nzima ya uchambuzi ikaanguka.

Sisemi tuache kugeuza mafaili. Bila maandishi ya kuhariri hatuwezi kutafuta neno, kuhesabu viambishi wala kupanga mifano. Ninachokataa ni desturi yetu ya kuona saa kama takataka.

Faili la SRT ni maandishi matupu. Kila kipande kina namba, chini yake mstari wa wakati, kwa mfano 00:27:14,200 --> 00:27:17,900, kisha maneno, kisha mstari mtupu. Huo mstari wa wakati ndio njia pekee ya kurudi kwenye sauti. Na sauti tunaihitaji, kwa sababu maandishi ya chini ya video si usemi wenyewe. Mwandishi hufupisha ili mtazamaji awahi kusoma. Huruka kigugumizi, huruka marudio, na mara nyingi husahihisha bila kujua. Mwenzangu mwenyewe aliandika “alikuwa” mahali ambapo mama alisema “alikuwaka”. Kwa mtazamaji hakuna hasara. Kwa mwanaisimu, kile kiambishi -aka ndicho alichokuwa anakitafuta.

Tuna mfano mzuri wa karibu. André Yav aliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili cha hapa mwaka 1965. Johannes Fabian alipoichapisha mwaka 1990, hakutoa tafsiri peke yake. Maandishi ya asili yalibaki, na kando yake yakawekwa maandishi yaliyotokana na Kalundi Mango kuyasoma kwa sauti. Msomaji anaweza kupima mwenyewe kilichobadilika kati ya hatua moja na nyingine. Sisi wenye kompyuta tunashindwaje kufanya hivyo?

Kazi yenyewe si kubwa. Kwanza, nakili faili la asili na usiliguse tena. Pili, lihifadhi kwa UTF-8, la sivyo herufi zenye alama, za Kifaransa au za toni za Kiluba, zitaharibika. Tatu, badala ya kuunganisha mistari, tengeneza jedwali: namba, wakati wa kuanza, msemaji, maneno. Ukipenda hati safi ya kusoma, itoe kwenye jedwali hilo, si mahali pake. Mwenye kompyuta ya kutosha atumie ELAN, programu ya bure ya taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, inayofunga maneno kwenye sauti yake.

Najua watakaosema kwamba jedwali linakula karatasi, na kuchapisha ni pesa. Ni kweli. Basi jedwali libaki kwenye kle, na katika kazi iliyochapishwa tuandike dakika tu mwisho wa kila mfano. Ni tarakimu nne. Wengine watasema mwalimu hataenda kusikiliza. Pengine. Lakini mwanafunzi atakayekuja baada yetu atasikiliza, na huenda siku hiyo yule mama hayuko tena kuulizwa.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu jambo moja: mfano wowote uliotoka kwenye video usipokelewe bila dakika yake na msemaji wake. Tutalalamika muhula mmoja, kisha tutazoea. Nasi wenzangu, tukumbuke kwamba yule mama alitupa dakika 40 za siku yake ya biashara. Haifai tumrudishie maneno ambayo hata sisi hatujui ni ya nani.