Barua ya Wazi: Kivinje Nayo ni Kilwa

Kwa Mkurugenzi wa Idara ya Mambo ya Kale, Wizara ya Maliasili na Utalii
Nakala: Mkurugenzi Mtendaji, Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa

YAH: NYUMBA ZA MAWE ZA KILWA KIVINJE

Ndugu Mkurugenzi,

Mgeni akija Kilwa hufikia Kilwa Masoko, huvuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani, huuona Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, hupiga picha, akaondoka. Simlaumu. Magofu ya Kisiwani na Songo Mnara yamo katika Urithi wa Dunia tangu 1981, na kila kitabu kinamwelekeza huko. Kivinje iko takriban kilomita 30 kaskazini mwa Masoko, na mwenye haraka ataiona ni kijiji cha wavuvi chenye magofu mengi na boma bovu ufukweni.

Lakini Kisiwani ilipokwisha kufifia, Kivinje ndiyo iliyokuwa Kilwa. Katika karne ya 19 misafara ya kutoka Ziwa Nyasa iliishia hapa, imebeba pembe za ndovu na kuswaga watu waliofungwa. Hilo sioni sababu ya kulimung'unya. Baadhi ya nyumba tunazozisikitikia zilijengwa kwa fedha ya biashara ile ile, na kwangu hiyo ni sababu mojawapo ya kutaka zibaki zimesimama. Ushahidi ukishaporomoka, anayetaka kukanusha hupata nafasi.

Kisha akaja Mjerumani na boma lake. Mwaka 1895 alimnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyempinga kwa silaha, na mwembe unaosimuliwa kuhusiana na kunyongwa huko tunauita Mwembe Kinyonga. Miaka 10 baadaye vita vya Majimaji vilipozuka Umatumbi, Kivinje ilikuwa bado makao ya wilaya. Uongozi ulihamia Masoko wakati wa Mwingereza. Ofisi zilipoondoka, wafanyabiashara nao wakaanza kufungasha, na mji ukabaki na nyumba kubwa kuliko mifuko ya waliobaki.

Nisieleweke kwamba naomba boma litengenezwe. Boma lina bahati: lina hadithi ya dola na liko mbele ya bahari, siku moja litapata mfadhili. Hofu yangu ni kwa nyumba za mitaani, zile za ghorofa moja zenye duka chini na roshani ya mbao juu kwa mtindo wa Kihindi, na zile za Kiswahili zenye baraza nje na mlango wa kuchonga. Mlango wa namna hiyo una wanunuzi mjini. Siku nyumba ikibaki bila mtu, kwa kawaida mlango ndio unaotangulia kuondoka.

Nyumba hizi huanza kufa juu. Ukuta wake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, na dari yake hulala juu ya boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio unaoamua upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vya zamani ni vyembamba na virefu, mara nyingi havizidi mita 3 kwa upana. Paa likitoboka, mvua huingia kichwani mwa ukuta, hulainisha udongo wa katikati, boriti huoza pale zinapopachikwa. Mkuyu hupata mahali pa kuota. Baada ya hapo ni misimu michache tu. Kinachohitajika mwanzoni, kabla ya haya yote, ni bati na mtu wa kupanda kulipigilia.

Mwenye nyumba anayejitahidi naye hupotea, kwa nia njema. Hununua saruji, kwa sababu ndiyo inayouzwa dukani, na kupiga lipu ukuta wa chokaa. Matumbawe yana chumvi na unyevu vinavyohitaji kutoka; saruji huvifungia ndani, jiwe likawa unga nyuma ya lipu linalong'aa. Ni sawa na kumvika mgonjwa wa homa koti la mvua. Chokaa ndiyo dawa yake, lakini tanuu za chokaa zimebaki chache, boriti zinataka kibali cha misitu, na fundi kijana hana sababu ya kujifunza kazi isiyo na mteja.

Kuna suala la mirathi pia, ambalo wataalamu wa majengo hawapendi kuligusa. Nyumba moja inaweza kuwa na warithi wengi: mmoja Dar es Salaam, mwingine Unguja, mwingine Muscat, na shangazi mmoja Kivinje ndiye mwenye ufunguo. Kila mmoja ana haki na hakuna anayethubutu kutumia fedha yake peke yake. Barua ya onyo haitamsaidia shangazi huyo.

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalilinda jengo la kabla ya 1863 kwa umri wake. La baada ya hapo hutegemea tangazo la Waziri. Kwa mji kama Kivinje, ambao roshani zake na boma lake ni vya baada ya mwaka huo, mstari huo unapita katikati ya mtaa mmoja. Kwa hiyo orodha ya majengo ya kulindwa iandikwe nyumba kwa nyumba, pamoja na duka dogo la Mhindi lisilo na shujaa ndani yake, kisha ibandikwe ofisi ya kata wenyewe waisome na kubisha.

Kisiwani iliwahi kuingia katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, ikatolewa 2014 baada ya kuta kukarabatiwa. Kazi ile ilithibitisha kwamba chokaa inawezekana hapa hapa Kilwa. Mafundi wa namna ile wapewe vijana wa Kivinje wa kufundisha. Kibali cha boriti za ukarabati kiwe chepesi, kwa idadi inayojulikana na kwa nyumba iliyo kwenye orodha. Na sehemu ya kiingilio anacholipa mgeni wa Kisiwani ivuke maji ije kununua chokaa huku. Mgeni huyo ameambiwa anakuja kuona Kilwa, na Kilwa haiishii kisiwani.

Hayo yatachukua muda, na kila mtu anajua bajeti ya serikali inavyokwenda. Kuna la haraka zaidi. Masika huanza Machi. Kabla ya hapo, naomba mtume mkaguzi mmoja na gari moja la mabati, nyumba ambazo kuta zake bado nzima zifunikwe kwa muda, bila kusubiri mradi wala uzinduzi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mzaliwa wa Kilwa Kivinje