Akiba Inapozidi Pauni 16,000

Anayepokea ruzuku ya Universal Credit nchini Uingereza anaruhusiwa kuwa na akiba ya pauni 6,000 bila kukatwa chochote. Akipita hapo, kila pauni 250, au sehemu yake, huhesabiwa kuwa inamwingizia pauni 4.35 kwa mwezi, hata kama benki haimpi riba. Mwenye pauni 10,300 kwa hesabu hiyo hukatwa pauni 78.30 kila mwezi. Akivuka 16,000, haki yake inakwisha kabisa.

Viwango hivyo vilipangwa mwaka 2006 kwa ruzuku za zamani, Universal Credit ikavirithi ilipoanza mwaka 2013, na hadi leo havijapandishwa. Kodi ya nyumba imepanda, mkate umepanda, ila kikomo cha akiba kimebaki palepale. Kila mwaka unaopita, sheria ileile inawanasa watu maskini zaidi kuliko ilivyokusudiwa.

Wapo wanaoficha fedha kwa makusudi, na serikali ina haki ya kuwafuata kwa sababu ruzuku ni fedha za walipa kodi. Lakini uchunguzi huwakuta pia watu wa aina nyingine: aliyelipwa kiinua mgongo baada ya kupunguzwa kazini, au aliyerithi kidogo kwa mama yake akadhani urithi si mapato. Kwa Waafrika Mashariki walioko huko kuna mitego yao wenyewe. Nyumba ya Kisauni au Tanga ambayo mwenyewe haishi humo nayo ni mali inayotakiwa kutajwa. Kijumbe wa upatu anaweza kuonekana na maelfu ya pauni kwenye akaunti, wakati zake ni zamu moja tu. Kisheria, fedha anazoshikia wenzake si mali yake, lakini atalazimika kuthibitisha, kwa daftari la majina, tarehe za michango na jumbe za simu zinazoonyesha nani alipokea lini. Upatu wa kuaminiana kwa mdomo hauna karatasi hizo.

Nafasi ya kubahatisha inazidi kupungua. Sheria iliyopitishwa mwaka 2025 inaipa Wizara ya Kazi na Pensheni uwezo wa kuzitaka benki zitaje akaunti za wapokeaji zinazoonyesha dalili ya kuvuka viwango. Taarifa ya benki peke yake haithibitishi kosa. Mtumishi wa wizara anapaswa kuipitia kabla ya uamuzi wowote, na hapo ndipo haki ya mtu itakapolindwa au kupotea.

Barua ikimwita mtu kwenye mahojiano ya onyo, jambo limeshafika kwenye mkondo wa jinai: anachosema kinaweza kutumika mahakamani, na ana haki ya kuwa na wakili. Kukimbilia kuitoa akiba yote na kuituma nyumbani ni kujiongezea balaa. Wizara ikiona imetolewa ili ruzuku ipatikane, huihesabu kana kwamba bado ipo. Kulipa deni halali ni jambo jingine, na stakabadhi zitunzwe.

Jambo lisilosemwa vya kutosha ni hesabu ya deni lenyewe. Chukua mtu aliyekuwa na pauni 16,500 kwa miaka miwili bila kuzitaja, huku akilipwa 900 kwa mwezi. Kwa hesabu ya haraka anadaiwa 21,600, zaidi hata ya akiba aliyokuwa nayo. Lakini kanuni za mwaka 2013 zinataka kila baada ya miezi mitatu akiba ihesabiwe kuwa imepungua kwa kiasi alicholipwa zaidi, kwa kuwa angenyimwa ruzuku angekuwa anaila akiba hiyo. Baada ya robo ya kwanza anahesabiwa kuwa na 13,800, kwa hiyo kuanzia hapo deni ni lile punguzo la mwezi tu. Hadi miaka miwili iishe, jumla ni takriban pauni 5,200.

Tofauti ya pauni 16,000 na ushei ni maisha ya familia. Ndiyo maana barua ya madai inapaswa kuonyesha hesabu hiyo robo kwa robo, bila kusubiri mtu aiombe. Kwa sasa, asiyeijua kanuni hiyo hana namna ya kugundua kwamba imesahaulika. Muda wa kuomba uamuzi uangaliwe upya ni mwezi mmoja, kisha ndipo rufaa kwenye baraza huru. Kwa mzee anayesoma Kiingereza kwa taabu, mwezi huo huisha kabla hajampata wa kumsomea barua.

Wajibu wa kutaja akiba ubaki, na Bunge lipandishe kikomo kiendane na bei za leo. Wizara inayodai ukweli kamili kutoka kwa raia nayo iwajibike kumpa hesabu kamili, katika barua ya kwanza, kabla haijaanza kumkata.