Kalamu ya Msahihishaji

Kijana mmoja wa Kapalata, huko Kisangani, atuuliza: je, mtu aweza kupata riziki kwa kusahihisha vitabu vya wengine, bila kuajiriwa na kiwanda cha chapa?

Aweza, ila kazi yenyewe si kuwinda makosa ya herufi tu. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliteua Kiswahili cha Unguja kiwe msingi wa vitabu. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kongo haikuwamo. Basi kijana huyu akipokea mswada ambamo mama wa Kapalata asema “batoto”, afanyeje? Sisi twaona masimulizi ya mwandishi yafuate kanuni, bali maneno ya mama yaachwe kama yalivyotoka kinywani mwake. Penye shaka aandike swali pembeni, wala asijijibu. Kitabu si chake.

Malipo (tusione haya kuyataja) yapatanwe kabla ya kuanza. Kisha asome mswada wote mara moja bila kushika kalamu. Hilo latushinda hata sisi, tuliozoea madaftari ya wanafunzi.