Hukumu Tatu za Arusha

Mahakama zenye makao Arusha, mji ambao wengi wetu huukumbuka kwa Azimio la 1967, zimetoa katika muda usiozidi miaka 16 hukumu tatu ambazo, zikisomwa pamoja, zaonyesha mahali ulimi wa mwanadamu unapostahili pingu, na mahali ambapo kuufunga ni dhuluma.

Ya kwanza ilitolewa tarehe 3 Desemba 2003 na Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, juu ya Ferdinand Nahimana, mwanahistoria, Jean-Bosco Barayagwiza, mwanasheria, na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Redio ya RTLM, ambayo wawili wa kwanza walishiriki kuiasisi, iliwaita Watutsi mende. Na mauaji yalipoanza Aprili 1994, ikawa yataja hewani majina ya watu na mahali walipo, ilhali wasikilizaji wamesimama njiani na mapanga mikononi. Hayo siwezi kuyaita rai. Amtajaye jirani yake kwa jina, naye ajua nani anamsikiliza na kwa nia gani, ameshiriki kuua. Rufani ya 2007 iliwapunguzia vifungo, lakini haikumtoa hata mmoja wao hatiani.

Ya pili ni ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, tarehe 5 Desemba 2014. Lohé Issa Konaté, mhariri wa gazeti la L'Ouragan huko Burkina Faso, alimtuhumu mwendesha mashtaka wa serikali kwa ufisadi, akafungwa miezi 12. Majaji wakaamua kuwa kifungo hicho chavunja Mkataba wa Afrika, na kwamba mtu asitiwe gerezani kwa maneno ila katika mambo mazito mno, kama kuchochea chuki na mauaji. Heshima ya mtu ni mali yake, hilo silikatai. Lakini aliyekashifiwa na apewe fidia na kuombwa radhi, kwani jela ya mwandishi haimrudishii chochote.

Ndipo tarehe 28 Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ikaamua kuwa vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ya 2016, vikiwamo vya uchochezi, vyapingana na Mkataba wa Jumuiya.

Hapa lugha yetu imetuponza. Neno uchochezi latumika kwa mtangazaji aliyetaka watu wachinjwe, na neno hilo hilo latumika kwa raia asemaye kuwa serikali imekosea, kana kwamba atiaye kuni motoni na apigaye yowe la moto ni mtu mmoja. Nawasihi waheshimiwa wabunge wetu wayatenge makosa haya mawili kwa majina mbalimbali: la kwanza libaki na adhabu yake kali, na la pili lifutwe kabisa katika vitabu vya sheria, maana si kosa.

Hatukuianza sisi desturi ya kumtia mkosoaji kizimbani. Mwaka 1958, chini ya Waingereza, Julius Nyerere alitiwa hatiani kwa kuwakashifu wakuu wawili wa wilaya katika Sauti ya TANU, akaambiwa achague shilingi 3,000 au kifungo cha miezi 6, naye akalipa.