Hofu Haifundishi Mpira

Waulize viongozi wa klabu zetu za soka kama wameajiri mtaalamu wa saikolojia, wengi watatabasamu. Waulize kuhusu "kamati ya ufundi" uone watakavyobadilisha mazungumzo. Kila shabiki anajua kamati hiyo ni ya ushirikina, haina habari na pasi wala kona. Ndiyo inayoamua timu isiguse vyumba vya kubadilishia nguo, ipite mlango usio rasmi, faini ya Bodi ya Ligi italipwa baadaye. Kumbe akili ya mchezaji tunaigharamia miaka nenda rudi, ila fungu lake halisomwi kwenye mkutano mkuu.

Sibezi. Mchezaji anayeamini amekingwa hutulia, na aliyetulia hupiga mpira vizuri. Tabu ni kwamba imani hiyohiyo humfanya, akisikia wapinzani wamewahi uwanjani usiku, ashindwe kabla ya filimbi. Akifungwa hajifunzi kitu: "tumechezewa".

Mimi nina ugomvi na jambo moja, mazoea yetu ya kuendesha michezo kwa hofu.

Chukua penalti. Mtafiti wa Norway, Geir Jordet, na wenzake walichambua mikwaju ya mashindano makubwa ya kimataifa. Mpigaji ambaye bao lake lingeipa timu ushindi palepale alifunga zaidi ya mara 90 katika kila 100. Yule ambaye akikosa timu inatolewa, alifunga kama mara 60 tu. Mita ni zilezile 11. Kilichobadilika ni anachowaza akitembea kutoka katikati ya uwanja. Waliona pia kwamba wanaokurupuka kupiga mara filimbi inapolia, kana kwamba wanataka yaishe, hukosa zaidi kuliko wanaojipa muda kidogo. Sasa nenda kaangalie matuta yanavyofanyiwa mazoezi kwetu. Jioni, watu wamechoka, kila mtu anapiga lake huku wenzake wanacheka, na anayekosa anashuka chini kupiga pushapu. Kutembea, kuvuta pumzi, kusubiri, hakuna anayefundisha. Siku ya fainali kijana akipaisha, redioni tunasema hana moyo.

Kinyume cha hofu hiyo ni mwanariadha wetu Filbert Bayi. Alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, aliongoza tangu mlio wa bastola hadi utepe. Tunapenda kusimulia mapafu yake. Mimi navutiwa zaidi na kwamba aliamua mwenyewe mbio ziende vipi, wengine wakabaki kumfuata.

Hofu hii haiishii kwa wanamichezo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 31 ya watu wazima hawafikishi mazoezi ya kutosha, yaani angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Tunawaita wavivu. Lakini mtoto wetu alikutana wapi na mazoezi? Kachelewa namba, aruke kichura. Kapiga kelele darasani, azunguke uwanja. Miaka thelathini baadaye daktari anamwambia presha imepanda, akimbie kidogo, naye anasikia sauti ya mwalimu wa zamu.

Linganisha na vikundi vya jogging vya Dar es Salaam, Jumapili alfajiri. Fulana za rangi moja, filimbi, nyimbo, na mama mmoja mnene anayetembea nyuma kabisa bila mtu wa kumsuta. Wengi wao hawakuamshwa na hesabu za uzito. Wameamka kwa sababu wasipoonekana watapigiwa simu, na kwa sababu wakifiwa ni fulana hizohizo zitakazojaa msibani. Wizara zinazohusika zikitaka watu wafanye mazoezi, zikawaulize wenye filimbi wanafanyaje, na zikitoka huko zipite shuleni, kichura kiondolewe kwenye orodha ya adhabu.