Bomba likisubiri mtandao: swali la kuuliza kabla ya kufunga dira zenye laini ya simu

Ukisafiri kati ya Mombo na Lushoto huku unaongea na simu, unalijua jambo hili: gari linakata kona, mlima unakaa kati yako na mnara, sauti inapotea. Kwako ni usumbufu mdogo, utapiga tena. Lakini vipi kama anayezungumza na mnara ni bomba la maji la kijiji?

Swali hili si la kufikirika. Dira za maji za malipo ya kabla zinaendelea kufungwa sehemu mbalimbali nchini, na baadhi yake zina moduli ya simu ndani. Moduli ni kifaa kidogo kinachofanya kazi ya simu bila kioo wala spika: kina laini, kina antena, na kinatuma taarifa kupitia mnara uleule unaoutumia wewe. Teknolojia hiyohiyo imo kwenye mashine za EFD zinazotuma taarifa za mauzo TRA, na kwenye vifaa vya kufuatilia mwendo wa mabasi.

Huku Usambara wengi hulaumu ukungu mtandao unapokuwa dhaifu. Ukungu unasingiziwa. Kizuizi kikubwa ni mlima wenyewe, kisha misitu. Kijiji kilichoko bondeni kinaweza kukosa mawimbi hata kama mnara hauko mbali. Na mnara nao unahitaji umeme. Ukikatika kwa muda mrefu na betri zikaisha, mnara unanyamaza.

Wauzaji hujibu kwamba kifaa chao kina laini mbili za kampuni tofauti. Ni jambo zuri, lakini halitoshi. Kampuni za simu mara nyingi hukodi nafasi kwenye mnara mmoja. Mnara huo ukizimika, laini zote mbili zinazimika pamoja.

Somo zuri tunalo tayari majumbani: LUKU. Unaponunua umeme unapata tarakimu 20. Ukiziingiza, mita inazihakiki yenyewe bila kuuliza mtandao. Ndiyo maana Mei 2021, mfumo wa kuuza LUKU ulipokwama kwa siku kadhaa, waliokuwa na uniti waliendelea kuwasha taa, na walioumia ni wale ambao uniti zao ziliisha. Mashine ilijiamulia, mtandao ulihitajika kwenye kununua tu.

Kuna somo la pili. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Minara ilikuwa imesimama, na watu waliendelea kupigiana simu ndani ya nchi. Kilichoathirika zaidi ni kazi zilizotegemea kompyuta zilizoko ng'ambo. Kwa hiyo dira ya maji inayosubiri ruhusa kutoka kompyuta ya nje ya nchi inaweza kufunga bomba la Mlalo au Bumbuli kwa sababu ya waya uliokatika baharini.

Kwa hiyo, kabla chombo chenu cha watumia maji hakijakubali kifaa chochote, ulizeni: Mtandao ukikatika, bomba linafanya nini? Linaendelea kutoa maji kwa aliyelipa, au linafunga? Linahifadhi kumbukumbu na kuzituma mtandao ukirudi? Likikosa intaneti, linaweza kutumia ujumbe mfupi? Nani analipia laini, na nani anapanda kuja kulitengeneza?

Ombeni pia kifaa kijaribiwe palepale bombani, si ofisini mjini, kwa wiki kadhaa, mvua zikiwemo.

Moduli ina faida kubwa: inaweza kuonyesha bomba linalovuja au fedha zisizofika kwenye akaunti bila mtu kupanda mlima. Hiyo ni kazi ya kutoa taarifa, na taarifa inaweza kuchelewa saa mbili bila madhara. Mama mwenye ndoo kichwani hawezi kungoja mnara uamke.